Habari za Theluji

Viatu vya mama vilikuwa chini kabisa ya kabati, nyuma ya mfuko wa kanga ambazo hakuwahi kuzivaa kwa sababu alisema ni za kugawa siku akirudi Tanga. Ni buti nyeusi za ngozi, nzito, za kiume kwa kweli. Nilipozivuta nje nikaona bado zina ule mstari mweupe unaozunguka, juu kidogo ya kisigino. Ni chumvi. Hapa London wakimwaga chumvi barabarani kuzuia barafu, viatu vya mtaa mzima hupata mstari huo, lakini huu wa mama haukuwa wa London. Ulitoka kaskazini, milimani huko Uskoti, na umekaa pale tangu nikiwa msichana mdogo wa shule ya msingi. Mama yangu, mtu ambaye hakuweza kulala kukiwa na kijiko kichafu kwenye sinki, hakuwahi kuufuta.

Nikakaa sakafuni nikazinusa. Mnaweza kucheka. Lakini nyinyi wa rika langu mliokulia huku mnaijua harufu hiyo: sufu iliyolowa, soksi zilizotandazwa juu ya hita ya ukutani, koti linalotoa mvuke, na vitunguu vya mtu vinakaangwa humo humo kwa sababu madirisha hayafunguliwi mpaka miezi ya joto. Nilinusa, na mara nikawa niko Thornton Heath, kusini mwa London, kwenye ile nyumba yetu ya chini, namsubiri mama.

Tulikuwa watu watatu. Mama, mimi, na Mamdogo Zuhura, mdogo wake mama wa tumbo moja. Baba alibaki Tanga akaoa mke mwingine, akawa sauti inayopiga simu siku ya Idi. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, na mwaka ule, baridi ilipoingia, wakampa kazi ya kwenda kuishi kabisa na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa peke yake kwenye bonde fulani, mlima huku na mlima kule. Malipo yalikuwa mazuri kuliko ya mjini. Mama aliniinamia mlangoni, sanduku liko mkononi, akanifunga kifungo cha shingoni ambacho kilikuwa tayari kimefungwa.

"Nitarudi kabla hujamaliza kunikumbuka," akasema.

Nilimjibu kwa Kiingereza. Niliwajibu wote kwa Kiingereza siku hizo. Kiswahili nilikisikia chote, hata cha mafumbo walichodhani sikielewi, ila mdomo wangu ulikataa. Mamdogo alikuwa akisema kunisalimia mimi ni sawasawa na kuisalimia televisheni. Mama hakulalamika. Alisema mtoto ana maneno yake ndani, siku moja yatatoka.

Kwa hiyo habari za mama nilizipata kwa kusikiliza. Simu ikilia, nilikaa kwenye mkono wa kochi, karibu na bega la Mamdogo, na kila mara mambo yakawa vilevile, mama ndiye akianza.

"Habari za huko?"

"Nzuri. Huko je?"

"Huku salama, hatuna neno. Wewe mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Bibi naye?"

"Bibi hajambo."

Baada ya hapo ndipo waliingia kwenye mazungumzo, nani kaolewa, nani kakataliwa viza, na mchele gani unashikana ukiupika kwenye jiko la umeme. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba ukiulizwa swali, unajibu kilicho kweli. Basi nikapima mambo kwa akili yangu na kuamini kwa dhati kabisa kwamba ukoo wetu ni wa watu wasiopatwa na mabaya. Wenzangu darasani walikuwa na mama wenye vichwa vinavyouma na baba waliofukuzwa kazi. Sisi tulikuwa nzuri tu, wiki hadi wiki. Simu ilipoletwa kwangu na mimi nikasema niko sawa, kwa sababu ndilo jibu lililoonekana kupendwa, kisha nikairudisha, na mama akawa ameondoka tena.

Sikuwa sawa. Nilikuwa mpweke, ingawa sikulijua neno lake katika lugha yoyote. Chumba chetu mama na mimi sasa kilikuwa changu, na kitanda kikawa kikubwa mno. Nililala upande wangu uleule wa ukutani na kuuacha upande wake, blanketi nimelikunja vizuri, kana kwamba ametoka kwenda msalani.

Jioni Mamdogo alikuwa na shifti ya kusafisha maofisi, kwa hiyo nikitoka shule nilikaa dukani kwa Mzee Kanti, kwenye barabara kuu, mpaka atakaponipitia. Mzee Kanti alikuwa Mhindi wa Moshi. Alizaliwa Moshi, akasoma Moshi, na kila kitu cha Uingereza alikilinganisha na cha Moshi na kukiona kimepungukiwa. Aliuza bamia, mihogo, unga wa ugali, nywele za bandia na mabegi ya safari. Mimi nilikaa juu ya kreti tupu karibu na magunia ya mchele, hita ndogo inanichoma goti moja tu, naangalia televisheni iliyotundikwa juu ya kaunta.

Nilichokuwa nasubiri ni ramani ya hali ya hewa. Mamdogo aliwahi kugusa kioo kwa kidole akanionyesha: mama yuko hapa. Ilikuwa juu kabisa, karibu na kichwa cha nchi, na sisi tulikuwa chini, kwenye pindo. Kila jioni yule mwanamke wa televisheni alisimama akapitisha mkono kwenye ile sehemu ya juu, na sehemu hiyo ikawa nyeupe, halafu ya njano, kisha rangi ya chungwa. Alisema barabara zimefungwa. Alisema watu wasiende milimani, theluji inaweza kuporomoka. Mimi niliyasikia na sikuogopa, maana mama alikwisha kusema nzuri.

"Mama yako ndiyo yuko huko juu?" Mzee Kanti akaniuliza siku moja, anapanga makopo.

Nikatikisa kichwa kukubali. Kisha nikamuuliza, kwa Kiingereza changu, theluji ikiisha inakwenda wapi.

"Inayeyuka, itakwenda wapi? Sikiliza, mama. Mimi ile theluji ya Kibo nimeiona kila asubuhi nikipiga mswaki, na sijaigusa hata siku moja mpaka nimekuja huku kuzeeka. Lakini maji yake nimeyakunywa. Yanateremka yenyewe, yanaingia kwenye mifereji, yanapita kwenye migomba ya Wachaga, mpaka mlangoni kwetu mjini. Theluji ya juu lazima ishuke kwa watu wa chini. Ndiyo desturi yake."

Akaenda kumuuzia mtu muda wa maongezi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mengi ya maji yale ya Moshi ni ya mvua ya msituni, wala si ya theluji. Nilipomwambia, alikasirika, akasema walioandika hayo hawajazaliwa Moshi.

Lakini siku ile nilimwamini kama nilivyomwamini mwalimu. Nikatazama ramani. Theluji yote ile iko juu. Mama yuko juu. Sisi ndio watu wa chini. Kwa hiyo ikiyeyuka, itakuja kwetu, na itakuwa imepita kwa mama kwanza. Sikuona kosa lolote katika hesabu hiyo, na hakuna mtu aliyejua kwamba naipiga.

Kisha simu zikakatika. Mwanzoni sikugundua. Nilipouliza, Mamdogo alisema, "Mama yako kapiga ulipokuwa shule. Nzuri tu. Anakusalimu sana." Siku nyingine tena, kapiga ulipokuwa shule. Nikamuuliza kwa nini asipige nikiwa nyumbani. Mamdogo akaniambia nile wali kabla haujapoa.

Naye akabadilika. Simu, ambayo zamani aliiacha popote ikapotelea chini ya mito ya kochi, sasa ilikaa kifuani ndani ya sidiria. Aliitoa, akaitazama, akairudisha. Aliunguza mchuzi, yeye ambaye chakula ndicho kilichokuwa kiburi chake. Alisimama dirishani na kitambaa cha vyombo mkononi, na nikimwita haitiki. Mimi nilikwisha kuona mambo ya namna hiyo kwenye tamthilia, nikajua moja kwa moja. Mamdogo amepata mchumba. Nikawa namchunguza kila mwanaume anayemsalimia barabarani, na nikamsikitikia mama kwamba harusi itapita yuko mbali.

Naandika haya nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Mamdogo wakati ule. Alikuwa msichana tu. Alikuwa na mtoto wa watu mikononi, dada yake hajulikani kama yu hai, na hana mtu wa kumwambia isipokuwa mimi, ambaye hakuweza kuniambia.

Theluji ikaanguka hata kwetu. London theluji huja mara moja moja, shule zikafungwa na mabasi yakasimama, kila mtu akawa kana kwamba amepewa likizo na Mungu. Watoto wa mtaani walitoka na trei za jikoni wakateleza kwenye mteremko. Niliwatazama kutoka dirishani. Mmoja alinipungia mkono nishuke, nikajifanya sikumwona. Sikutaka kucheza na kitu kilichonichukulia mama.

Siku chache baadaye hewa ikalegea. Mapaa yakaanza kudondosha matone, na jioni dukani yule mwanamke wa televisheni alikuwa na picha mpya. Mto wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba vipande vya barafu vikubwa kama meza. Daraja la mawe lenye pengo katikati. Alisema joto limekuja ghafla na mvua juu yake, theluji ya milimani inayeyuka yote kwa mpigo. Akapitisha mkono wake kutoka juu ya ramani kuja chini. Mzee Kanti akaguna, akaguna tena, akabadilisha stesheni, na nadhani aliibadilisha kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nimeshaona. Maji yameanza safari.

Nilijiandaa. Nilipanda juu ya kiti nikaweka vitu vya mama juu ya kabati: mswala wake, chupa yake ya mafuta ya nazi, zile kanga za kugawa, picha yake akiwa mwari. Vyangu niliviacha chini. Nilifikiri mimi nipo, naweza kuvikimbiza, lakini vya mama havina mwenyewe.

"Nani kaupandisha mswala juu huko?" Mamdogo akauliza.

Nikamwambia ni kwa sababu ya maji.

"Maji yepi tena, Rukia?" akasema, lakini hakusubiri jibu. Alikuwa ameshatoa simu kifuani, anaitazama.

Yakaja Jumamosi, mchana kweupe. Mamdogo alikwenda kufua kwenye mashine za dukani, hapo kona tu, akaniambia nisifungue mlango. Nyumba yetu ilikuwa chini ya usawa wa barabara, unashuka ngazi mbili tatu kuufikia mlango. Theluji ya mtaa ilikuwa inayeyuka, na mdomo wa mtaro hapo nje uliziba kwa majani na pakiti za krispi. Hayo ndiyo yaliyotokea, mambo ya kawaida kabisa. Lakini mimi nilichoona ni ulimi wa maji unaopita chini ya mlango, taratibu, unalowesha zulia, na mbele yake vijipande vya barafu vinazunguka.

Sikupiga kelele. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilifungua mlango, maji yakaingia kwa wingi, baridi ikanikata miguu, nami nikapanda ngazi na soksi zangu mpaka barabarani nikasimama katikati ya dimbwi. Maji yalinifika juu ya vifundo. Nilichovya kidole nikakiramba. Yalikuwa ya chumvi, na hilo likanithibitishia kwamba yametoka mbali. Kama yamefika, basi aliyekuwa nayo hayuko nyuma sana. Sikumfikiria mama amekufa, hata kidogo. Nilimwona akija kwa miguu nyuma ya maji yake, na sanduku, kama mtu anayerudi na ng'ombe wake jioni. Nikageukia upande ambao barabara inapanda, kwa sababu huko ndiko juu, nikamngoja.

Mwanamke aliyekuwa akisukuma gari la mtoto upande wa pili aliniambia niingie ndani. Nikamwambia namsubiri mama. Akaona ni jibu la kutosha, akapita.

Nilisubiri mpaka miguu ikawa si yangu. Niliita, mara ya kwanza polepole, kisha kwa sauti. Lililotokea kwenye kona lilikuwa ni begi la nguo, na Mamdogo nyuma yake.

"We Rukia, umepagawa? Unamwita nani?"

Alilidondosha begi majini, nguo safi zote, akanibeba nikiwa mkubwa vile. Nilikuwa naangalia juu ya bega lake, kule barabara inakopanda, nikaona hakuna mtu.

Homa ilinishika siku ileile. Mamdogo alinilaza kochini, akanipaka mafuta ya mkaratusi, akanifunika makoti yote ya nyumba, akapanga matambara mlangoni. Hakwenda kazini. Nilikuwa nasinzia na kuamka, na mara zote nikiamka alikuwa amekaa palepale chini, mgongo kwenye kochi, simu sasa iko wazi mapajani.

Ikalia asubuhi. Akaitazama kwanza, kama mtu asiyeamini macho yake.

"Dada?" akasema. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja. Nikamwona akimeza mate, akijifuta uso, akinyoosha mgongo, na sauti iliyotoka ilikuwa ni ileile ya siku zote. "Habari za huko?"

Nilikuwa karibu, nikaisikia sauti ya mama, ndogo, ina mikwaruzo. "Nzuri. Huko je? Rukia mzima?"

Mamdogo akanigeukia. Mimi nilikuwa chini ya makoti, midomo imekauka, naungua. Tukatazamana.

"Mzima," akasema. "Hana neno. Yuko hapa anacheza."

Mtoto hukua kidogo kidogo, hajioni, lakini mara hiyo nilijiona. Kama Mamdogo anaweza kusema mzima na mimi niko hivi mbele ya macho yake, je, mama alikuwaje kila aliposema nzuri? Simu zote zile zilinirudia, moja baada ya nyingine, na zote zikawa giza. Nikanyoosha mkono.

Mamdogo alinipa simu, akaweka kidole midomoni, macho yananisihi.

"Hujambo, mwanangu? Habari za hapo?"

"Mama," nikasema, "habari si nzuri."

Nilisema kwa Kiswahili. Sikuchagua, kilitoka. Labda ni kwa sababu ile nzuri ilikuwa ya Kiswahili, na haikuweza kukanushwa kwa lugha nyingine. Nikamwambia naumwa. Nikamwambia maji yake yalifika nikatoka kumpokea na hakuja. Nikamwambia Mamdogo anasema unapiga simu nikiwa shule na mimi sasa nimejua hupigi. "Wewe uko wapi hasa?" nikamuuliza.

Nyuma yake nilisikia mngurumo usiokatika, nikadhani ni simu, kumbe ni mto.

"Hata huku si nzuri, mwanangu," akasema.

Akanieleza. Alinieleza mimi, si Mamdogo. Theluji iliwafika mpaka dirishani, wakawa wanakaa gizani mchana. Mlango wa mbele haufunguki. Umeme ulikatika na simu ikafa, ndiyo kwanza imerudi asubuhi ile. Alimhamishia bibi jikoni kwenye jiko la kuni, wakalala humo wawili, wakala uji wa shayiri na biskuti. Kuna wakati theluji iliporomoka mlimani kwa kishindo, ikasimama kwenye ukuta wa bustani. Halafu ikaja mvua ya joto, ikayeyuka yote, mto ukalichukua daraja, na majirani wamesimama na trekta ng'ambo wanawapungia mikono.

"Naogopa, Rukia," akasema mama yangu. "Nimeogopa sana."

"Hata mimi," nikasema.

Mtu angedhani mtoto mgonjwa akisikia mama yake anaogopa ndiyo atazidiwa. Sivyo ilivyokuwa. Tangu aondoke, hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyohisi niko na mtu. Tulilia pamoja, yeye kule na mimi huku, na sikumbuki kilio kingine kilichonipa raha kama kile.

Mamdogo alininyang'anya simu, akaongea nayo chumbani. Aliporudi alikuwa na hasira, akaketi kwenye begi la nguo zilizolowa.

"Mtu yuko mbali humpelekei mabaya," akasema. "Ana mabawa aruke aje? Unataka kumwua kwa mawazo?"

Nikamjibu, bado kwa Kiswahili, kwamba mama anaogopa.

"Sote tunaogopa," akasema. "Unadhani tunasema nzuri kwa nini?"

Akavuta shuka moja begini akajifunika nalo uso, limelowa hivyo hivyo. Nilishuka kochini nikakaa karibu naye, na makoti yangu yote.

Maji yalipopungua, bibi alichukuliwa na wanawe, na mama akarudi kwa basi la safari ndefu. Nilikwenda kituoni na Mamdogo. Watu walishuka na nyuso za usingizi, na kabla sijamwona uso nilimwona buti, kubwa mno kwa mguu wake. Zilikuwa za marehemu mume wa bibi, bibi alimpa avae akitoka nje kufuata kuni. Nilishika mstari ule mweupe kwa kidole. Nikamuuliza alikuja nyuma ya maji au alipitia njia nyingine.

Akaniuliza nina maana gani. Nikamweleza ramani, na watu wa juu na watu wa chini, na Moshi. Alicheka mpaka akaegemea sanduku. Kisha akaacha kucheka, akachuchumaa.

"Maji ya kule yana bahari yake, mwanangu. Iko karibu tu. Hayaji huku."

"Kwa hiyo yangekuchukua, yangekupeleka wapi?"

"Baharini," akasema. "Si kwako."

Tukiwa ndani ya basi la kurudi Thornton Heath, nimelala mapajani mwake, akanipa masharti. Alisema salamu ni adabu, na hatutaacha adabu. Mtu akituuliza habari, tutasema nzuri, hata mimi na yeye. "Lakini baada ya hapo, wewe niulize habari za theluji. Hapo nitakwambia kweli. Na mimi nikikuuliza, uniambie." Alisema polepole, Mamdogo asisikie.

Mama alikwenda tena kwenye kazi za kukaa mbali, kwa sababu kodi ya nyumba haikungoja tupone. Lakini simu zake hazikuwa zile za zamani. Nzuri, salama, hatuna neno, kisha nikasema, "Na theluji?" na akaniambia. Mzee wa safari hii ananitukana. Leo nimekula peke yangu. Nami nilimwambia yangu. Niliulizwa hivyo nikiwa chuoni Leeds, mwezi wa saba, jua linawaka, na wenzangu chumbani wakashangaa. Niliulizwa siku ile ndoa yangu ilipovunjika. "Imeanza kutanda, mama," nikasema, na hakuhitaji zaidi, alikuwa ameshavaa koti.

Msimu wa baridi uliopita theluji haikuanguka London, ilikuwa mvua tu. Mama alikuwa hospitali. Muuguzi wa zamu, Mkenya, alifungua pazia akamuuliza, "Habari ya asubuhi, mama?" Mama akasema nzuri. Nilipoketi na mimi nikamuuliza habari, akasema nzuri. Nikasogeza kiti.

"Na theluji?"

Alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Imefika dirishani," akasema.

"Basi tuhamie jikoni," nikamwambia, nikauweka mkono wake chini ya wangu. Akatabasamu kidogo.

Leo nimekuja kuondoa vitu vya mama, na buti zikiwa bado mapajani, simu ikalia. Ni Mamdogo Zuhura, kutoka Tanga. Alirudi nyumbani zamani, sasa ni bibi wa watu na masikio yake ni mazito kidogo, na lile swali letu hakuwahi kulijua.

"Rukia, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, Mamdogo."

"Wewe mzima?"

"Mzima. Hatuna neno. Huko je?"

"Huku salama tu."

Kama nilivyozoea, nikasubiri swali la pili. Nilisikia jogoo wa kwao, na mtu anasukuma kitu uani.

"Haya, mwanangu," akasema Mamdogo. "Nakuacha upumzike."